Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dodoma: walimu wa lugha wa siku nyingi nao wapewe walezi

Ndugu Afisa Elimu,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia nikiwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari wilayani Bahi, mwenye miaka 22 kazini. Mwalimu mpya akiripoti hukabidhiwa mlezi, yaani mwalimu mwenzake wa kumshika mkono. Sisi wakongwe huhesabiwa kuwa tumekwisha kuiva, na anayeingia darasani mwetu ni mthibiti ubora, ambaye hukuta andalio la somo limenyooka na wanafunzi wanaojua kujibu wameketi mbele.

Muhula uliopita nilimwomba mwenzangu wa idara, ambaye kiumri ni mdogo wangu, akae dawati la nyuma katika Kidato cha Pili, asifanye lolote ila kuhesabu. Katika dakika 40 niliuliza maswali 34. Darasa zima liliitikia 19 kwa pamoja, ile "ndiyooo" tunayoijua sote. 11 niliyajibu mwenyewe. Manne tu ndiyo yaliyomwinua mwanafunzi mmoja atunge sentensi yake. Sikuipenda karatasi ile, na kwa siku mbili nilimkwepa mwenzangu. Hakunipa alama. Aliuliza tu kama nilimwona binti wa dirishani aliyefungua mdomo kisha akaufunga. Sikumwona.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970, akichunguza masomo ya sayansi, kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakifikisha tatu majibu hurefuka. Nami nikaanza kuhesabu hadi tatu kimoyomoyo. Ukimya ule unaelemea, lakini wiki ya pili binti yule alisimama na sentensi mbili, wakati wa kitenzi ukiwa umekosewa, zikiwa zake mwenyewe.

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeyaleta mafunzo shuleni, nasi tunashukuru. Hata hivyo jumuiya yetu ya kujifunza huishia kusoma moduli ofisini. Ninaomba ratiba itenge vipindi viwili kwa wiki vya walimu wa lugha kuingiliana madarasani, karatasi ya mlezi ibaki kati ya wawili hao bila kugusa upandishaji madaraja, na shule yenye mwalimu mmoja wa Kiingereza ipate mlezi kutoka shule jirani. Hatuombi posho, isipokuwa nauli ya bodaboda kwa huyo wa shule jirani.

Mwenzangu naye ameniomba niingie darasani kwake Jumatano, kipindi cha tatu. Kwa ratiba ya sasa, saa hiyo ninafundisha Kidato cha Kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiingereza, Bahi