Dominika ya Furaha na Novena ya Noeli

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya wapendwa.

Jumapili hii ni Dominika ya tatu ya Majilio (kipindi cha kujiandaa kwa Noeli), Dominika ya Furaha. Tutawasha mshumaa wa waridi. Nawaomba furaha hiyo isiishie kanisani. Baada ya misa ya kwanza twende pamoja kwa bibi yetu ambaye miguu haimruhusu tena kufika jumuiya. Anapenda kuimbiwa, na kila mara huwaulizia watoto, kwa hiyo waje wote. Akina mama wameahidi chai na maandazi. Akina baba, unga na sukari ya kumwachia.

Novena ya Noeli, sala zetu za siku tisa, ni tarehe 16 hadi 24 Desemba, saa 12 jioni, nyumba kwa nyumba (tarehe 24 tusali asubuhi, jioni kuna mkesha). Jirani aliyehamia karibuni mkaribishe. Nani atatupokea siku ya kwanza?