Jego limeng'olewa, maumivu yamebaki

Daktari, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 34. Yalianza mwaka jana kama ugonjwa wa sikio. Upande wa kulia, mbele kidogo ya tundu la sikio, palikuwa panafukuta, hasa nikiamka asubuhi. Nikapewa dawa ya matone, chupa mbili, wapi! Kwingine wakasema ni jego la nyuma, wakaling'oa. Nililiona kwa macho yangu, zima halina hata doa, na maumivu yakabaki palepale.

Nikipiga miayo taya linaalika mpaka mwanangu aliyekaa kando anasikia. Idi Kubwa iliyopita nilikuwa natafuna mshikaki, likakwama. Kutwa nzima mdomo haukupitisha zaidi ya kidole kimoja.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno aliyeniwekea vidole mbele ya masikio, akaniambia fungua, funga. Akasema ni kiungo cha taya: ndani mna kisahani cha gegedu, kikiteleza na kurudi ndiyo huko kualika, kisiporudi mdomo unakwama. Akauliza kama nasaga meno usiku. Nikakataa. Mume wangu akadakia, "Kila siku!" (Mama mkwe anasema ni minyoo, nimeshameza dawa mara mbili kumridhisha.) Na mchana nina yangu: pini nazibana kwa meno, uzi naukata kwa meno, na kazi zikirundikana meno yanakazana, mwenyewe sina habari.

Aliniagiza vyakula laini, kukanda kwa kitambaa cha maji moto, dawa ya maumivu siku chache, na kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku. Pini nimeziacha, na wiki hii ya tatu vidole viwili vinaingia. Ila kifaa chenyewe bei yake ni kodi ya kibanda changu miezi miwili. Daktari mwingine yeye anataka kunichonga meno ya juu yakutane sawasawa, tuyamalize siku moja. Naogopa. Jino likichongwa halioti tena, nami nimeshapoteza moja bure.

Je, nijikusanye ninunue kifaa, au nafuu hii itaendelea bila hicho? Vile vya wanamichezo vya bei nafuu vinafaa? Na likikwama tena usiku, nilifungue kwa nguvu au niliache mpaka asubuhi?

Fundi wa Ngamiani, Tanga