Barua kwa binti yangu anayesoma Njoro, kabla hujaiacha kozi ya uchumi

Kisumu, Jumatatu usiku

Mwanangu,

Nyumbani hatujambo. Nyanya yako anauliza kila jioni kama umekula.

Jana ulipopiga simu nilikuwa Kibuye, na unajua Jumapili soko linavyofurika, kwa hivyo nilikusikia nusu nusu. Neno moja tu lilinifikia vizuri: unataka kuacha uchumi uhamie uhasibu, kwa sababu tangu muhula uanze hujamwona binadamu hata mmoja katika somo hilo, ni mistari na herufi tu. Nimelala na neno hilo, nikaamka nalo. Leo nimefunga kibanda mapema nikuandikie.

Nimefundisha masomo ya biashara miaka 26 kabla ya kuanza kuuza nafaka, na nakwambia watu wamo. Kila nadharia unayochorewa ubaoni ilizaliwa na shida ya watu fulani, mahali fulani, mwaka fulani. Mkifundishwa jibu bila swali lake, lazima lichoshe.

Mchukue David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza. Umemkuta kwenye jedwali la Uingereza na Ureno, nguo na divai, ukakariri. Lakini Ricardo alikuwa katikati ya ugomvi wa nafaka, na nafaka ndiyo inayokulipia karo, kwa hivyo tukae naye kidogo. Mwaka wa 1815, vita vya Napoleon vilipokwisha, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ngano ya nje isiingie mpaka bei ya ndani ipande sana. Wenye mashamba makubwa ndio walioitaka, maana ngano ikiwa ghali, kodi wanayowatoza waliokodi ardhi yao nayo hupanda. Aliyelipa ni mfanyakazi wa kiwandani ambaye chakula chake kilikuwa mkate. Ricardo, aliyekuwa ametajirika katika soko la hisa la London, aliandika kitabu chake mwaka wa 1817 huku ugomvi huo ukiendelea.

Hesabu yake unayo. Ureno hutengeneza nguo kwa kazi ya watu 90 na divai kwa watu 80. Uingereza hutumia watu 100 kwa nguo zile zile na 120 kwa divai ile ile. Ureno imeshinda kote kuwili, na ukimuuliza mtu yeyote hapa sokoni atakwambia basi Ureno haimhitaji Mwingereza. Ricardo akasema inamhitaji. Kwa divai ya watu 80 Ureno itapata nguo ambazo kwake zingekula kazi ya watu 90, na Uingereza kwa nguo za watu 100 itapata divai ambayo kwake ingekula kazi ya watu 120.

Sasa mtazame mama wa kibanda cha jirani. Mimi humshinda kuchambua maharagwe, na humshinda kushona magunia pia. Lakini kwenye kushona namzidi kidogo tu, kwenye kuchambua namwacha mbali. Basi yeye hushona magunia yangu na yake, mimi huchambua maharagwe yake na yangu, na sote tunafika nyumbani kabla ya giza. Tulikuwa tumefanya hivyo miezi mingi ndipo siku moja Ricardo akanijia akilini, nikasimama na ungo mkononi.

Na ule ugomvi wa 1815 nimeusikia kwa masikio yangu. Machi 2021, mahindi ya Uganda na Tanzania yalipozuiwa mipakani kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, mkulima wa Kitale alisimama mbele ya kibanda changu akisema afadhali, sasa bei itashika. Mama mmoja wa mtaa wa Manyatta aliyekuja kununua gorogoro mbili, yale makopo yetu ya kupimia nafaka, akamuuliza, na watoto wangu wale hiyo bei? Sumukuvu inaua, siipuuzi hata kidogo. Lakini wale wawili walikuwa mwenye shamba na mla mkate wa Uingereza, mmoja kwa mwingine, uso kwa uso.

Hata hivyo usimmeze Ricardo mzima. Babu yako alilima pamba Bondo. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika, pamba ilikosa mnunuzi. Jedwali linasema mkono ulioacha kazi moja utahamia nyingine. Mkono wa babu yako haukuhamia popote. Ulikaa juu ya goti, chini ya mwembe. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa biashara katika boma lile, na sikuweza kumwambia mzee kwamba nchi kwa jumla imefaidika. Swali la nani anabeba hasara wakati jumla inapata faida mpaka leo halijaisha katika somo lako. Ukitaka swali la kulifuata maisha yako yote, hilo linatosha.

Adam Smith nampita haraka. Kiwanda chake cha pini najua mnafundishwa: watu 10 wakigawana hatua za kazi, pini 48,000 kwa siku, na mmoja akiwa peke yake asingefikisha hata 20. Ila ujue kwamba kabla ya kitabu kile cha 1776 alikuwa mwalimu wa maadili Glasgow, na mwaka wa 1759 alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu jinsi binadamu anavyoguswa na hali ya mwenzake. Anayemfanya kuwa mtetezi wa uchoyo amesoma nusu ya mtu.

Smith aliona kubadilishana kuwa tabia ya asili ya binadamu. Kubadilishana kwetu kulikuwepo kweli: samaki kwa mtama, vyungu kwa mbuzi. Kazi ya mshahara ndiyo iliyokuja kwa njia nyingine. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka wa 1901, na kodi ambayo serikali ya kikoloni ilitoza kila nyumba ikaja miaka hiyo hiyo. Mwanzoni uliweza kulipa kwa mifugo au kwa jasho, lakini kadiri siku zilivyokwenda ilitakiwa rupia, na rupia alikuwa nayo anayeajiri. Wazee wetu walikuwa na ghala limejaa na bado wakawa wadaiwa. Ndivyo vijana walivyotoka hapa kwenda kuvunja mawe na kuchuma chai ya watu. Ukifika kwa Karl Marx na kitabu chake cha 1867, anapouliza ilikuwaje watu wakabaki hawana cha kuuza ila nguvu zao, usifikirie Uingereza peke yake.

Milton Friedman, yule Mmarekani wa fedha na bei, nitakupa kwa mwaka mmoja: 1993. Fedha nyingi ziliingia mikononi mwa watu wakati wa uchaguzi wa 1992, na mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Mshahara wangu ulikuwa ule ule kwenye karatasi, lakini sasa ulitosha siku kumi na tano tu za mwezi. Ukisoma kwamba fedha zikizidi bidhaa bei hupanda, kumbuka mama yako akihesabu sarafu za unga.

John Maynard Keynes anahitaji zaidi. Mdororo Mkuu ulianza 1929, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Wataalamu wengi walishikilia kwamba mishahara ikishuka vya kutosha watu wataajiriwa tena. Keynes, mwaka wa 1936, akawaambia matumizi ya mmoja ndiyo mapato ya mwingine. Wote wakibana kwa pamoja, wote hukauka kwa pamoja. Mimi hilo nililiona mwaka ambao kiwanda kimoja cha sukari kilikaa miezi bila kuwalipa wakulima wa miwa. Mteja wangu aliyenunua debe akashuka hadi gorogoro, kisha nusu. Fundi wa nguo aliyekaa mkabala nami alikuwa hana hata mche mmoja wa muwa, lakini siku moja nilimwona ameifunika cherehani saa nne asubuhi, akaketi. Hakuna aliyekuwa mvivu pale. Shilingi ilikuwa imekatika mahali ambapo hakuna aliyeweza kuifikia.

Jambo hilo lilipimwa baadaye hapa jirani, Siaya. Watafiti walichukua vijiji 653, baadhi vikachaguliwa kwa bahati nasibu, na zaidi ya familia 10,500 maskini zikapewa takriban dola 1,000 kila moja bila masharti. Wakafuata hela ilikokwenda. Kila dola iliyoingia iliukuza uchumi wa pale kwa karibu dola mbili na nusu, bei zikapanda kidogo mno, na hata wasiopewa kitu wakafaidika, kwa sababu waliopewa walinunua kwao.

Na si hao tu. Mwaka wa 2019 Tuzo ya Nobel ya uchumi iliwaendea Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer kwa kazi ya kupima mambo kwa majaribio namna hiyo. Kremer alikuwa amefundisha sekondari Kakamega miaka ya 1980 akiwa kijana, na utafiti wake mmoja uliojulikana sana ulifanywa katika shule za msingi 75 kule Busia, watoto wakipewa dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa karibu robo, na hata wa shule jirani ambao hawakunywa dawa walipata nafuu, kwa kuwa minyoo haikupata tena pa kusambaa. Dada yako mkubwa alikuwa mtoto wa shule utafiti huo ulipofanywa. Uchumi uliokwenda Stockholm kuvishwa tuzo ulianzia kwenye matumbo ya watoto wa huku kwetu, na wewe unaniambia hauna watu?

Kuhusu herufi na mistari. Mistari ya mahitaji na ugavi ilienezwa na Alfred Marshall wa Cambridge katika kitabu chake cha 1890, na Marshall alikuwa amesomea hisabati. Mwaka wa 1906 alimwandikia mwenzake Arthur Bowley akieleza anavyofanya kazi: tumia hisabati kama mwandiko wa mkato, fasiri matokeo kwa lugha ya kawaida, toa mifano yenye uzito katika maisha ya watu, kisha choma hisabati. Nakuomba usichome chochote kabla ya mtihani. Ila kila mstari wanaokuchorea, uufasiri kwa Kiswahili kwenye ukingo wa daftari, na utafute mfano. Ukikosa mfano, nipigie.

Nikupe mmoja. Mwaka wa 1970 George Akerlof alieleza kwa nini soko la magari yaliyotumika huharibika: muuzaji anajua ubovu, mnunuzi hajui, kwa hivyo mnunuzi hutoa bei ya wasiwasi, na mwenye gari zuri hujiondoa. Mahindi ni hivyo hivyo. Ukiyatazama kwa macho, yaliyokauka na ya nusu unyevu yanafanana. Mimi huchukua chupa ya soda iliyokauka, natia chumvi kavu, naongeza mahindi mkono mmoja, natikisa, naiacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, siyanunui. Mwaka niliouziwa magunia sita mabichi na mtu niliyemwamini sikuwa na chupa hiyo, na nilikuwa tayari kumwona kila mleta mahindi kuwa mwizi. Sasa mwenye mahindi makavu huniita mwenyewe: leta chupa. Bei yangu kwake ni nzuri zaidi, na yeye anaijua sababu.

Ndani ya mzigo nitakaoutuma Jumatano kwa matatu ya Nakuru, chini ya omena na unga, kuna daftari la jalada la buluu. Tangu 2014 nimeandika humo kila Jumapili bei ya gunia kutoka Kitale na bei ya gorogoro hapa Kibuye. Pengo la 2020 ni corona. Yachore wewe hayo, mistari miwili kwenye karatasi moja.

Utaona jambo ambalo limenisumbua miaka. Gunia likipanda, gorogoro hupanda Jumapili hiyo hiyo. Gunia likishuka, gorogoro huchukua wiki tatu, hata nne, na mimi ni mmoja wa wanaoishusha polepole. Hatujawahi kuketi kikao tukakubaliana hivyo. Akina mama wa Manyatta ndio wanaolipa hizo wiki tatu, na wengine nawajua kwa majina ya watoto wao. Nataka kujua kwa nini tunafanya hivyo. Muulize mhadhiri wako, soma, kisha uniandikie kabla hujaenda kwenye ofisi ya kubadilisha kozi.

Mzigo uuchukue stendi jioni, omena isilale kwenye gari.

Mama yako