Yaya, mkubwa wetu, anataka Noeli ya watu wote, lakini baba hawezi tena

Mama Mshauri,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Noeli inakaribia, na ndani ya familia tumeshaanza kugombana kwa ajili ya baba.

Baba yetu ana ugonjwa wa Alzheimer, na sasa umefika mbali. Majina yetu sisi watoto wake yamemtoka yote. Mimi ndiye ninayekaa naye: namwosha, namvalisha, namlisha bukari (ugali) laini yenye mchuzi mwingi, maana hata kumeza kumekuwa shida. Aliingia kazini kwenye kampuni ya madini wakati ule bado inaitwa Union Minière, akaendelea Gécamines mpaka 2003, walipoondoka wafanyakazi wengi kwa pamoja. Hadi leo akiamka alfajiri anatafuta viatu vya kazi. Namwambia, "Baba, leo ni mapumziko," naye anatulia. Daktari alitueleza kwamba mambo ya karibuni ndiyo yanayofutika kwanza, ya zamani yanakaa zaidi. Kwa hiyo Salve Regina anaiimba yote kwa Kilatini, tangu utoto wake wa kutumikia misa, lakini kwamba mama alifariki, hilo halimo tena kichwani mwake.

Wapo majirani wanaosema amerogwa. Hao siwajibu. Wanaoniumiza ni wa nyumbani.

Noeli iliyopita ndugu wote walikuja, wa Likasi, wa Kolwezi, pamoja na wajukuu. Hema lilifungwa uani, mbuzi akachinjwa, kinywaji cha munkoyo kikajaa ndoo, muziki ukafunguliwa mpaka mwisho. Baba alikalishwa katikati, na kila aliyefika akamwinamia: "Tata, unanijua? Mimi ni nani?" Hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja alitumaini jina lake ndilo limebaki. Lakini mzee wa watu alikuwa anafanyiwa mtihani mbele ya umati, na akashindwa kila swali. Nikaona ameshika pembe ya kitambaa cha meza, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Hivyo ndivyo afanyavyo hofu ikimshika.

Jioni ndiyo saa yake mbaya. Giza lilipoanza kuingia akauliza, "Mama wa watoto yuko wapi? Mbona hali pamoja nasi?" Shangazi akamjibu wazi kwamba mama tulishamzika. Mama Mshauri, baba alilia kilio cha mtu aliyefiwa saa ile ile. Kesho yake maneno ya shangazi yalikuwa yameshamtoka, lakini huzuni ilibaki. Alikataa chakula, akawa analia bila kujua analia nini.

Mwaka huu yaya wetu, mtoto wa kwanza, anataka sikukuu kubwa kuliko ile. Ameshanunua kitenge cha kushonea familia nzima na kumlipa mpiga picha. Anasema, "Baba hajafa. Tusimzike akiwa mzima. Na huenda bonane hii, sikukuu ya mwaka mpya, ni yake ya mwisho." Maneno hayo yananikata, kwa sababu ni ya kweli. Yaya anampenda baba. Ila yeye anamwona kwa sikukuu, mimi ninamwona usiku.

Mimi nilipendekeza hivi: watu waje asubuhi baada ya misa, wawili watatu kwa zamu. Wasimuulize kitu. Wakae karibu naye, waimbe nyimbo za kanisa anazozijua, wajukuu wamshike mkono. Akiuliza mama yuko wapi, tumwambie, "Tusimulie habari zake, baba," maana huwa anasimulia kwa furaha. Kisha karamu ifanyike kwa mdogo wetu kule Ruashi, na mmoja wetu abaki na mzee. Shangazi aliposikia akasema ninamficha kaka yake ili nile mali zake. Mali gani? Nyumba tu, na hata paa linavuja mvua hizi za Desemba.

Bado kuna la bonane. Desturi yetu, asubuhi ya mwaka mpya baba hutubariki mmoja mmoja, mkono juu ya kichwa, na kumwambia kila mtu neno lake. Maneno hayapo tena. Yaya akibariki badala yake wakati baba yuko chumba cha pili, je, si tunamvua ubaba angali hai? Na tukimleta, tukauinua mkono wake na kuuweka juu ya vichwa vyetu, nao unatetemeka, hiyo ni baraka au tunamtumia tu kwa ajili yetu?

Naomba unishauri nimwambieje yaya, mimi niliye mdogo kwake, anisikie bila kuona nimemvunjia heshima. Na ile bonane, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ndugu wataanza kufika wiki ijayo.

Binti wa Katuba, Lubumbashi