Barua kwa wanangu manesi mnaohudumu wakati wa mlipuko

Wanangu,

Bwana Yesu asifiwe.

Nimestaafu unesi, lakini simu zenu bado zinanifikia. Tangu Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilipotangazwa Bukoba Vijijini Machi 2023, na tena Biharamulo Januari 2025, mnaniuliza jambo lile lile, kila mmoja kwa namna yake: Mama, mbona nasali na bado naogopa? Wengine mnaona hata aibu kuuliza, kwa kuwa mmeshaambiwa kwamba mwenye imani haogopi. Nimeona heri niwajibu wote kwa pamoja.

Ogopeni. Mwaka 2023 ugonjwa huu uliua watu 6 kati ya 9 waliougua, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwao. Tunachompa mgonjwa ni dripu, dawa za kutuliza homa na maumivu, na mikono ya kumgeuza kitandani. Anayeingia humo bila hofu yoyote ndiye anayenikosesha usingizi. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane alihuzunika kiasi cha kufa, akaomba kikombe kimwepuke, na hakuna Mkristo anayethubutu kusema imani yake ilipungua.

Sasa niseme habari ya Zaburi ya 91. Najua mnaisoma kabla ya zamu. Mimi pia nimeisoma miaka yote ya kazi, na pale penye tauni ipitayo gizani sauti yangu hutetemeka hadi leo. Ila kumbukeni nani mwingine aliinukuu. Shetani alimsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, akamtajia maneno ya zaburi hiyo hiyo kuwa malaika watamchukua mikononi. Yesu hakubishana na zaburi. Alikataa kujitupa. Nawasihi mlikumbuke hilo siku ambayo mtu yeyote, awe mchungaji, awe ndugu wa mgonjwa, atawaambia kwamba kuvaa glavu mbili ni kutomwamini Mungu.

Hatari yenyewe mnaijua, lakini nitairudia: ni kubwa kuliko kawaida wakati wa kuvua mavazi ya kinga. Umetoka wodini, miwani imejaa mvuke, jasho limeshuka hadi kwenye buti, unatamani hewa tu. Hapo ndipo mkono unapokimbilia usoni. Vua polepole. Mwenzako asimame akusomee hatua moja baada ya nyingine, nawe unawe klorini juu ya glavu kila hatua. Anayetaka kusali asali hapo hapo: kila unaponawa, sema "Bwana, nirehemu," kisha endelea na hatua inayofuata. Sala ya namna hiyo inaupunguza mwendo wa mikono, na mikono isiyo na haraka ndiyo inayorudi nyumbani.

Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, nchini Uganda, alikuwa mtu wa imani ambaye wengi wetu hatumfikii. Ebola ilipoingia kule mwaka 2000 aliacha masomo Kampala akarudi, akasimama na manesi wake hata pale walipokuwa wamekata tamaa. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Taarifa za wakati ule zinaeleza kwamba usiku mmoja alimkimbilia nesi aliyekuwa mahututi bila kuvaa kinga ya macho. Namtaja kwa heshima kubwa. Upendo wake ulikuwa kamili, na macho yake hayakuwa na kinga. Mkimkumbuka, kumbukeni yote mawili.

Kuna na uchovu. Eliya alipochoka alilala chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamrudia mara ya pili na kumlisha. Kazi aliyotumwa alikuja kuambiwa baadaye sana. Kwa hiyo mkuu wa zamu akikwambia kalale, usimjibu kwamba unajitolea kwa ajili ya Bwana. Kula, lala. Na ninyi mnaopanga ratiba, msimpe aliyeokoka zamu mbili kwa sababu halalamiki.

Mgonjwa akifa, na ndugu wakakufokea kwa kuwa hawakuruhusiwa kumuosha marehemu wao, usijilazimishe kuimba pambio jioni hiyo. Soma Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini," uishie hapo ukitaka. Mungu ameruhusu maneno hayo yawemo katika Maandiko.

Sisi akina mama wastaafu tunaomba kila jioni saa mbili. Tutumieni majina yenu na zamu zenu. Majina ya wagonjwa msitutumie, hiyo ni siri ya kazi, na Mungu anawajua. Wale mnaopimwa joto kwa zile siku 21 za kuangaliwa kama mmeambukizwa, tupigieni hata kama hamna la kusema. Na kama majirani wameanza kuwakwepa watoto wenu, au kuna mtoto aliyebaki bila mtu wa kumpikia, semeni leo. Tutafika na chakula, na tutakaa nao.

Mama yenu,
nesi mstaafu, Bukoba