Kwa mdogo wangu mpiga kinubi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Uliponiomba nitafute muziki wa kinanda cha mabomba ambao tungeweza kuupiga wawili, nilimfikiria mtunzi César Franck na Prelyudi, Fuga na Variesheni yake, iliyochapishwa mwaka 1868 na kutunukiwa mtunzi mwenzake Saint-Saëns. Wapo wanaoamini kwamba kazi iliyotungwa kwa mpiga kinanda mmoja haipaswi kugawanywa. Hata hivyo, Franck mwenyewe, mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde jijini Paris, aliipanga upya kwa piano na harmoniamu, yaani chombo ambacho sauti yake huanza kufifia mara inapopigwa, kikiwa pamoja na chombo kinachoishikilia noti kwa muda wote kidole kinapokuwa juu yake. Kinubi chako na kinanda changu vina uhusiano huohuo, kwa hiyo sioni kwamba tunamkosea.

Ninakusihi usiutake wimbo mkuu wa Prelyudi. Ni mtamu, nami ninaelewa unavyouonea shauku, lakini uliandikwa kwa rejista ya obo, yaani safu ya mabomba yenye sauti kama ya zumari, na noti zake ndefu zikipigwa kwenye nyuzi zitakufa kabla hazijafika zinakokwenda. Chukua sehemu ya mkono wa kushoto. Variesheni ndiyo yako hasa, kwa maana wimbo uleule hurudi huku chini yake noti ndogondogo zikitiririka bila kupumzika, utadhani ziliandikwa kwa vidole vinavyokwanyua nyuzi.

Ugumu uko miguuni, kwa kuwa pedali za kinubi ndizo zinazopandisha au kushusha noti. Katika B maina, skeli ya kazi hii, A ya kawaida na A shapu (iliyopandishwa nusu hatua) hupokezana mara kwa mara, na pedali ya A iko mwisho kabisa upande wa kulia, ambako mguu huohuo unahudumia G, nayo pia hupandishwa wimbo unapopanda. Nilijaribu kuiandika A shapu kama B flati, sauti ileile kwa jina jingine, ili mguu wa kushoto usaidie, nikagundua kwamba uzi wa B unahitajika papo hapo kwa noti ya nyumbani. Hakuna njia ya mkato. Pale ambapo mguu hauwahi, nimeiacha A shapu kwenye kinanda, na sidhani kama msikilizaji atahisi pengo.

Fuga nitaipiga karibu yote peke yangu, kwa sababu sauti zake zinaingiliana na kushikana kwa namna ambayo nyuzi haziwezi kuidumisha.

Kinubi kifike kanisani muda wa saa mbili kabla ya mazoezi. Mabomba hupanda sauti hewa inapopata joto, nyuzi nazo hulegea, na kwa kuwa mabomba hayawezi kukufuata, wewe ndiye utakayeyafuata kwa ufunguo wako, uzi kwa uzi, zote 47. Kurasa za Variesheni nimekutumia. Ziwekee alama za pedali kwa penseli, kisha unirudishie kabla sijanakili kwa wino.

Kaka yako