Barua kwa mwanangu anayekwenda Goma

Mwanangu,

Marahaba. Habari ya safari nimeipata, ingawa ilianzia kwa dada yako. Kwa hiyo ni ndege mpaka Kigali, halafu barabara mpaka Gisenyi, halafu mnavuka. Baba yako haondoki redioni. Anasema wamekuchagua kwa sababu wewe ni bingwa wa upasuaji, na jirani wote wameshaambiwa.

Tangu waasi wa M23 waingie Goma, Januari 2025, majeruhi wakajaa hospitali ya Ndosho mpaka wakalazwa kwenye mahema, jina la mji huo likitajwa tumbo hunikata. Lakini mikono yako sina wasiwasi nayo. Ninachoogopa ni ukimya wako.

Hapo ulipo umezoea muuguzi anayekujua, ukinyoosha mkono tu anajua unataka nini. Kule utasimama na mtu wa dawa ya usingizi mliyeonana asubuhi, yeye na Kifaransa chake, muuguzi na Kiswahili cha Goma, na wewe umefunga mdomo. Nani atajua umeona damu inazidi? Sema. Taja unachokiona, unachotaka kufanya na unachohofia kitafuata. Ukiagiza chupa mbili za damu, aliyeagizwa akurudishie maneno hayo hayo kabla hajatoka mlangoni. Ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ya tangu 2008, inataka kila mtu ajitaje jina na kazi yake kabla ngozi haijakatwa. Mnairuka kwa kuwa mnafahamiana. Kule msiiruke. Kata kipande cha plasta, andika jina lako na neno MPASUAJI, bandika kifuani.

Lile lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, daktari niliyemheshimu kuliko wote siku ile hakugusa kidonda hata kimoja. Alisimama mlangoni: huyu ndani, huyu asubiri, wewe lete dripu. Wapo waliodhani anakwepa kazi. Wewe ungekuwa umeshainamia mgonjwa wa kwanza, na huku nyuma yako hakuna anayejua afanye nini. Usikasirike, nakujua.

Kuna watakaosubiri, na kuna ambao hutawafungua kabisa, maana saa na damu utakazomalizia kwa mmoja zingetosha watatu. Hilo usiliamue peke yako moyoni. Liamueni wawili, mlitamke, na mrudi kumtazama tena baadaye, kwa sababu mgonjwa wa saa nne si yule wa saa sita.

Na muuguzi mdogo akisema gozi moja ya kufyonzea damu haionekani, usimkazie macho. Macho hayo umeyatoa kwangu, najua yanavyofunga watu midomo. Mshukuru, mzihesabu gozi upya, ndipo ushone tumbo.

Ukichoka je? Utasema? Mwaka jana uliugua homa ukamaliza zamu, sisi tukasikia kwa watu. Nilijisifu nawe sokoni, na usiku sikulala kwa hasira. Kule ukiona unasoma faili moja mara mbili bila kuelewa, mwambie mwenzako akushikie, ukalale. Hujavunjiwa heshima.

Tafadhali piga simu ukivuka mpaka. Ile alama ya dole gumba unayonitumia siitaki.

Hela ya paa imefika. Fundi ameezeka upande wa jikoni, upande wa pili anasema bati zimepanda bei, mimi nadhani bei imepanda kwake tu. Ongea naye wewe, baba yako anamwonea haya. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, nampa maziwa kwa chupa. Chukua koti la baba yako, Goma usiku kuna baridi. Kodi ya chumba chako muachie dada yako taslimu, na risiti adai, mwenye nyumba yule simwamini.

Mama yako